RAV4 au X-Trail: hesabu niliyoipiga kabla ya kununua gari la kwenda Lushoto

Mama yangu anaishi nje kidogo ya mji wa Lushoto, kwenye barabara ya udongo iendayo Mlalo, na tangu mwaka juzi magoti yake hayamruhusu tena kupanda basi. Kila baada ya miezi miwili huja Dar es Salaam kliniki, na kila mara tumekuwa tukikodi gari au kumwomba shemeji lake, jambo ambalo limefika mahali pa kutia aibu. Gari letu dogo la cc 1,300 linatutosha kwa kazini na shuleni, lakini ukilipakia watu watano na mizigo, likifika Soni, kwenye mlima wa kwenda Lushoto, linahema. Kwa hiyo tangu Februari mimi na mume wangu tumekuwa tukitafuta gari lililoinuka, lenye nafasi, linalovuta magurudumu yote manne, na ambalo halitazidi shilingi milioni 22 pamoja na matengenezo ya kuanzia. Baada ya kuyaondoa mengi tulibaki na mawili: Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoingia sokoni Japani mwishoni mwa mwaka 2005, na Nissan X-Trail ya toleo la T31, iliyoingia mwaka 2007.

Yeyote utakayemuuliza hapa mjini atakupa jibu kabla hujamaliza swali. Atakuambia chukua RAV4, kwa sababu X-Trail ina gia boksi ya CVT, yaani ya otomatiki isiyo na gia za kupokezana, na CVT ikifa umeumia. Nililisikia neno hilo kwa jirani, kwa dalali, kwa mwalimu mwenzangu na kwa dereva wa teksi, wote wakilisema kwa uhakika uleule. Nilianza kusoma kwa nia ya kulithibitisha tu, nikakuta kitu ambacho hakuna aliyenitajia: RAV4 ya kizazi hicho iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ikiwa na injini ya lita 2.4, nayo ina CVT. Zile zilizouzwa nje ya Japani zikiwa mpya ndizo zilizokuwa na gia nne za otomatiki za kawaida. Sisi tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika Japani tunapata ile ya CVT, kisha tunasifu gari ambalo hatunalo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ushauri wa mitaani hautanitosha, na kwamba nitalazimika kulichunguza kila gari kwa undani wake.

Swali la kwanza lilikuwa kama tuagize Japani au tununue lililokwisha kusajiliwa hapa. Hesabu ya kodi ilitukatisha tamaa mapema. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi cc 2,000. Gari la umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa asilimia 30 ya uchakavu. Halafu VAT ya asilimia 18 huja juu ya vyote hivyo. Kodi zinazofuata hukokotolewa juu ya thamani iliyokwisha kubeba ushuru wa forodha, na ndiyo maana jumla huwashtua watu. X-Trail ya lita mbili ina cc 1,997, ikapita chini ya mstari kwa cc tatu tu, wakati RAV4 ina cc 2,362. Hata hivyo yote mawili yangetuzidi, kwa hiyo tukaamua kutafuta gari la namba D (yaani lililosajiliwa hapa kwa namba yenye herufi zinazoanza na D) lililo mikononi mwa mtu, au lililo yadi, ambalo kodi yake ilikwisha kulipwa.

Kabla ya kwenda kuona gari lolote, jifunze kusoma kibati chake cha utambulisho. Kwa RAV4 hii, namba ya modeli ikianza na ACA31 gari linavuta magurudumu manne; ikiwa ACA36 linavuta mawili ya mbele tu, ingawa kwa nje yote mawili ni ndugu pacha. Kwa X-Trail ya lita mbili, NT31 ni ya magurudumu manne na T31 bila herufi N mbele ni ya mawili. TNT31 ni ile ya lita 2.5, na DNT31 ni ya dizeli. Nimeona tangazo la ACA36 likinadiwa kuwa ni gari la milimani, na sidhani kwamba muuzaji alikuwa anadanganya, naamini hakujua. Kwa mtu anayekaa Kinondoni hilo si tatizo. Kwa mtu ambaye mwezi wa nne atakuwa kwenye tope jekundu la kupandia Mlalo, ni suala la kufika au kutofika.

Sasa nirudi kwenye CVT, kwa sababu ndiyo iliyonichukulia muda mwingi kuliko mambo mengine yote. Ndani yake hakuna meno ya gia yanayopokezana. Kuna puli mbili zinazotanuka na kubana, na katikati yake mkanda wa chuma ulioundwa kwa vipande vingi vidogo. Puli moja ikitanuka nyingine inabana, na uwiano unabadilika taratibu bila mshtuko. Kinachouzuia mkanda huo usiteleze ni shinikizo la mafuta na aina ya mafuta yenyewe, kwa maana mafuta ya CVT yametengenezwa ili chuma na chuma vishikane, wakati haidroliki ya kawaida, yaani mafuta ya gia boksi nyingine za otomatiki, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Nissan huyaita NS-2 kwa gari hili. Toyota yake huitwa TC. Ukimwagia haidroliki nyekundu ya kawaida, mkanda unateleza kidogo kidogo, unachubua puli, vumbi la chuma linaziba vali, na baada ya miezi kadhaa gari linaanza kugoma mlimani.

Ninaamini sehemu kubwa ya sifa mbaya ya X-Trail hapa kwetu imetokana na kosa hilo. Si yote, na lazima niseme ukweli wote. Mwaka 2009 Nissan yenyewe, nchini Marekani, iliongeza dhamana ya gia boksi zake za CVT hadi miaka 10 au maili 120,000, na kampuni haifanyi hivyo kama hakuna kasoro. Gia boksi hii ikipata moto kupita kiasi, kompyuta hupunguza nguvu za injini ili kuiokoa, na dereva aliye kwenye mwinamo mkali huhisi gari linalegea wakati anapolihitaji zaidi.

RAV4 nayo ina jeraha lake, tena liko kwenye injini. Hiyo injini, 2AZ-FE, ni kongwe na inayoheshimika, lakini baadhi ya zilizotengenezwa katika miaka hiyo zinakula oili. Nyuma ya ringi za kukwangua oili, pistoni ina vitundu vidogo vya kurudishia oili chini. Masizi yakiviziba, oili inabaki ukutani mwa silinda na kuungua pamoja na petroli. Toyota ilitoa nchini Marekani mpango wa kubadilisha pistoni na ringi kwa baadhi ya injini hizo. Huku kwetu hakuna wa kukubadilishia bure. Utaongeza oili mpaka masega ya kusafishia moshi kwenye eksozi yaharibike, au utafungua injini. Kwa hiyo ulinganisho wangu uligeuka: sikuwa tena nikilinganisha gari zuri na gari baya, bali gari ambalo udhaifu wake unajulikana uko kwenye gia boksi na gari ambalo udhaifu wake unajulikana uko kwenye injini, na kazi yangu ilikuwa kupata moja ambalo udhaifu huo haujaamka.

RAV4 tuliyoipenda ilikuwa Tabata, ya mwaka 2008, nyeupe, kilomita 141,000, na mwenyewe alitaka milioni 21 na nusu. Mara ya kwanza tulipofika saa nne asubuhi tulikuta boneti ni ya moto. Alikuwa amekwisha kuliwasha na kuliosha. Fundi wetu hakusema neno pale, lakini njiani aliniambia, "Dada, mwombe turudi kesho alfajiri, na asiliguse kabla hatujafika." Tukarudi saa kumi na mbili na nusu. Fundi alichomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kuninyooshea: oili ilikuwa imegusa ncha tu, chini kabisa ya alama ya chini. Kisha akaingiza kidole kwenye mdomo wa eksozi, na kilitoka na masizi meusi yenye utelezi, si yale makavu yanayopukutika. Likawashwa. Mwanzoni hakuna kilichoonekana. Liliachwa linguruma dakika kumi, akakanyaga pedeli ghafla, na wingu jepesi la buluu likatoka na kuning'inia juu ya ukuta wa jirani. Mwenye gari, ambaye ni mtu muungwana na ninamshukuru kwa kutukubalia, alituambia wazi kwamba kwa miaka kadhaa alikuwa akivuka kilomita 10,000 bila kubadili oili kwa sababu ya safari za kazi. Hakuna injini ambayo ingekaa salama kwa matunzo hayo.

X-Trail ilikuwa kwenye yadi, NT31 ya mwaka 2010, rangi ya fedha, kilomita 118,000, ikinadiwa milioni 16 na laki nane. Hapa fundi alianza na gia boksi. Alidondosha matone ya mafuta ya CVT kwenye karatasi nyeupe ya chooni, akaiweka juani kwenye boneti, tukasubiri. Tone lilitanuka likawa duara la kahawia hafifu, safi hadi ukingoni, bila punje zinazometameta na bila ile harufu ya kitu kilichoungua. Yalikuwa mafuta yaliyozeeka, si mafuta yaliyokufa. Tukalipima kwa kompyuta. Hakukuwa na msimbo wa hitilafu ya gia boksi, wala alama kwamba kumbukumbu ilikuwa imefutwa siku hiyo. Mauntingi moja ya injini ilikuwa imechoka, na diski za breki za mbele zilikuwa zimeliwa mpaka zimepata ukingo. Nikaangalia pia kwenye mfumo wa polisi kama namba ile ina deni la faini za barabarani, na tukahakikisha kwamba namba ya chesisi inalingana na iliyo kwenye kadi. Kwa hayo mawili hatukupoteza hata dakika ishirini, na ninamsihi kila anayenunua gari la mkononi asiyaruke.

Yadi walitukubalia kulipeleka hadi Kisarawe, kwa kuwa huko ndiko kuna kilima cha maana karibu na mji. Tulikaa watu watano kwa makusudi. Hapa tofauti ya nguvu ilijidhihirisha, kwa sababu siku mbili kabla tulikuwa tumepita njia ileile na RAV4. Injini ya RAV4 ina nguvu za farasi 170. Ya X-Trail ya lita mbili ina 137. Kwenye kupita lori baada ya Pugu, RAV4 iliondoka kama imesukumwa, na X-Trail ilipandisha mngurumo kwanza, ikakaa kwenye sauti moja nzito, ndipo ikaanza kusogea. Kwa anayependa kuendesha kwa haraka jibu liko hapo, na sitajaribu kulificha.

Lakini usiku ule niliwaza juu ya barabara yetu wenyewe, na nikagundua kwamba nilikuwa naipima kinyume. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita kama 33 za lami nyembamba yenye kona nyingi, na unapanda takriban mita 1,000. Watu wote hufikiria kupanda. Sisi tunapopanda tunabeba nini? Sukari, mafuta ya kupikia, nguo za watoto, dawa za mama. Mzigo halisi huja tukirudi: magunia mawili au matatu ya viazi, kabichi, mapeasi, matunda damu kwenye ndoo, na mama mwenyewe kiti cha mbele. Gari letu hupanda jepesi na kushuka zito. Kwa safari ya namna hiyo nguvu za farasi 33 za ziada hazinisaidii sana. Kinachoniokoa ni breki nzuri na gia ndogo inayolishikilia gari kwenye kona za Soni, ili nisizikanyage breki mfululizo mpaka zichemke. X-Trail tuliyoipima ina pia kitufe cha kusaidia kushuka mlima polepole, na kile kizungusho chake cha kuchagua magurudumu mawili, otomatiki au kufunga yote manne. RAV4 ina kitufe cha kufunga pia, ambacho hujiachia chenyewe ukivuka kilomita 40 kwa saa, jambo ambalo kwenye tope haliathiri kitu kwa sababu hakuna anayefika mwendo huo.

Kwa mzigo, ushindi wa X-Trail ulikuwa wa wazi. RAV4 ya Japani ina urefu wa milimita 4,335, na X-Trail 4,590. Tofauti hiyo ya kama sentimita 25 unaihisi nyuma. Sakafu ya buti la X-Trail ni ngumu na inafutika kwa kitambaa chenye maji, kwa hiyo gunia lenye udongo halinitishi. Mlango wa nyuma wa RAV4 hufunguka kwa pembeni kama mlango wa nyumba, bawaba zikiwa kulia. Kwa sisi tunaoendesha upande wa kushoto hilo lina faida, kwani ukiegesha kando ya barabara unapakia kutoka upande wa watembea kwa miguu. Shida ni kwamba unataka nafasi nyuma, na uani kwa mama, ambako gari huegeshwa kwa kuegemezwa ukutani, mlango huo usingefunguka hata robo. Wa X-Trail hunyanyuka juu, na siku ya mvua unasimama chini yake.

Mama alikuwa mjini wiki hiyo, na tulimpeleka kuyaona yote mawili bila kumwambia bei wala maoni yetu. Kwenye RAV4 aliingia vizuri, lakini aliinamisha kichwa na kushika nguzo ya mlango. Kwenye X-Trail, ambayo paa lake ni bapa na mlango wake umesimama, aligeuka, akakaa kwanza, kisha akaingiza mguu mmoja baada ya mwingine. "Mwanangu, hili haliniinamishi," alisema, akaanza kutafuta mkanda. Sikuhitaji kipimo kingine cha kiti.

Spea ni upande ambao Toyota inashinda, na sioni haja ya kubishana. Bushi, shokapu au beringi ya RAV4 utaipata Gerezani jijini Dar, Korogwe na hata Lushoto mjini. Ya X-Trail utaipata Dar kwa urahisi, lakini huko juu huenda ukasubiri ije na basi. Hata plagi zake zinataka kufungua manifoldi ya juu, kwa hiyo fundi asiyeijua atakutoza muda wake wa kujifunza. Ukitaka kuuza baada ya miaka mitatu, RAV4 itaondoka ndani ya wiki. Kwa petroli sikuona tofauti ya kunibadilisha mawazo, na injini zote mbili zinatumia cheni ya taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha.

Tulinunua X-Trail kwa milioni 16 na laki mbili. Kama RAV4 ile ya Tabata ingekuwa na injini nzima, ningesumbuka zaidi kuamua, na huenda mume wangu angeshinda, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kule. Lakini tofauti ya bei ilitupa fedha ya kuanza nayo vizuri, na hatukuigusa kwa jambo lingine. Tumebadilisha mafuta ya CVT mara mbili, kilomita 500 kati ya mara ya kwanza na ya pili, kwa sababu ukimwaga kwa bolti ya chini hutoka karibu nusu tu na yaliyobaki hukaa kwenye torki konveta. Makopo ya NS-2 nilinunua mwenyewe na nikakaa gereji mpaka la mwisho likamwagwa. Tumebadilisha pia chujio lake, mauntingi, diski za mbele na breki pedi zake, na matairi manne ya 215/65R16. Jumla imefika milioni mbili na elfu themanini.

Jumamosi ijayo tunampeleka mama nyumbani. Tutaondoka Dar alfajiri, tutapumzika Mombo nusu saa boneti likiwa wazi kabla ya kuanza kupanda, na magunia ya viazi tukirudi yatakuwa mawili, si matatu. Fundi ametaka gari lirudi kwake Jumatatu aangalie diski mpya na achukue tone jingine la mafuta kwenye karatasi.